Mgeni Naye Ana Kazi: Jinsi ya Kuielewa Hafla ya Chai ya Kijapani Kabla Hujaingia

Anayealikwa kwa mara ya kwanza kwenye hafla ya chai ya Kijapani, ile iitwayo chanoyu, kwa kawaida huanza kwa kutafuta orodha ya makatazo. Usikanyage ukingo wa mkeka. Vua pete. Zungusha bakuli kabla ya kunywa. Kitamu kwanza, chai baadaye. Orodha za namna hiyo ziko tele mtandaoni na nyingi ni sahihi, ila zinamwacha mgeni na hofu kuliko alivyokuwa, kwa sababu hazimwambii kanuni hizo zimetoka wapi. Na mtu asiyejua sababu hukaa muda wote akijichunga, macho kwa jirani aone anafanya nini, kisha anatoka akiwa amekunywa chai bila kuionja.

Kwa hiyo hapa nitaeleza sababu. Karibu kila kanuni ya chumba cha chai ina kitu inachokilinda: chombo, mgeni mwenzio, au ule muda mfupi mliokutana. Ukishajua kinacholindwa, kanuni nyingi utazikisia mwenyewe kabla hujaambiwa. Lakini kubwa kuliko hayo yote ni kwamba mgeni hakualikwa kutazama. Mwenyeji ana kazi yake na mgeni ana yake, na upande mmoja ukilegea, shughuli nzima inalegea.

Umealikwa wapi hasa?

Mkanganyiko wa kwanza ni kwamba jina moja linatumika kwa mambo yaliyo mbali mbali sana. Hafla kamili, chaji, huchukua saa nne hivi. Wageni ni wachache, aghalabu hawazidi watano. Mwenyeji hupanga makaa mbele yenu, mnapewa mlo wa kaiseki na kitamu, mnatoka bustanini kupumzika, mnaitwa tena kwa mlio wa kengele, mnakunywa chai nzito, makaa yanaongezwa, ndipo inakuja chai nyepesi. Upande wa pili kuna chakai, mkusanyiko mfupi wa kitamu na chai nyepesi tu, unaoweza kwisha ndani ya nusu saa au saa moja. Mahekalu na madhabahu hufanya chakai kubwa ambako watu huingia kwa makundi, kundi moja likitoka jingine linaingia. Halafu yapo madarasa ya watalii, hasa Kyoto, Uji na Kanazawa, ambako utaonyeshwa, utaelezwa, na mara nyingi utapewa nafasi ya kuchapa chai yako mwenyewe, yaani kuikoroga kwa nguvu.

Mgeni wa mara ya kwanza karibu kila mara huwa kwenye chakai au darasa. Chaji ni ya watu wanaofahamiana na wanaojua mwendo wake, na mwenyeji anayejiheshimu hawezi kumwingiza humo mtu ambaye hajawahi hata kushika bakuli. Kwa hiyo ukiwa na wasiwasi wa saa nne za kupiga magoti, utoe moyoni. Madarasa ya watalii wapo wanaoyabeza, mimi simo. Mwalimu mzuri anayemweleza mgeni kwa nini bakuli linageuzwa anafanya kazi ya maana. Ninachosikitikia ni zile dakika chache za kuvalishwa kimono, kupigwa picha na kutolewa mlangoni, kwa sababu hapo mgeni hakupewa nafasi ya kufanya sehemu yake.

Unga wa kijani

Chai itakayowekwa mbele yako ni matcha, na inatoka kwenye mmea uleule unaolimwa Kericho, Limuru na Mufindi. Tofauti iko shambani na kiwandani. Majani yetu hukatwakatwa, huachwa yapigwe na hewa mpaka yabadilike rangi, ndipo yanakaushwa. Ya matcha huanza kutunzwa mapema zaidi: vichaka hufunikwa visipate jua moja kwa moja kwa wiki tatu hivi au zaidi kabla ya kuchumwa, na kivuli hicho ndicho kinacholipa jani rangi nzito na utamu wake wa pekee. Likishachumwa hupigwa mvuke mara moja ili lisigeuke rangi, linakaushwa bila kusokotwa, mishipa na vijiti vinaondolewa, kisha linasagwa kwa jiwe polepole. Jiwe moja hutoa gramu 40 hivi kwa saa. Likisagwa kwa haraka, joto la msuguano huharibu harufu.

Unapokunywa matcha, basi, hunywi maji yaliyopitishwa kwenye majani. Unakunywa jani lenyewe. Ndiyo maana kitamu kinatangulia na kinatakiwa kiishe kabla bakuli halijafika: utamu unautayarisha ulimi, na uchungu wa chai unaufuata na kuusafisha. Ukivichanganya, ung'ate huku unapiga funda, vyote viwili vinapotea.

Chai nyepesi, usucha, hutumia gramu 2 hivi za unga na maji yasiyojaa hata nusu kikombe, ikachapwa mpaka itoe povu. Chai nzito, koicha, hutumia mara mbili ya unga huo kwa kila mtu na maji kidogo sana. Hiyo haichapwi, hukandwa polepole mpaka iwe kama rojo linalong'aa, na kwa desturi bakuli moja huzunguka kwa wageni wote, kila mmoja akifuta mdomo wa bakuli kabla ya kumpa mwenzake. Baada ya Uviko-19 wengi waligeukia bakuli la kila mgeni peke yake. Koicha ndiyo moyo wa chaji, ile nyepesi ndiyo ya kustarehe, ingawa ndiyo utakayokutana nayo kwanza.

Dhahabu upande mmoja, mikeka miwili upande wa pili

Mtawa Eisai alirudi kutoka China mwaka 1191 na mbegu za chai pamoja na desturi ya kunywa chai ya unga, na mwaka 1211 aliandika kitabu kuhusu faida zake kwa afya. China baadaye iliacha chai ya unga na kushika majani ya kuloweka. Japani ikabaki nayo. Ilianzia kwenye mahekalu ya Zen, mkondo wa dini ya Kibudha, ikahamia kwa watawala na matajiri, na kufikia karne ya 15 kunywa chai kulikuwa pia namna ya kuonyesha mali: vyombo vya Kichina, vya bei kubwa, mbele ya macho ya watu.

Watu watatu waliigeuza njia hiyo. Murata Juko, aliyefariki mwaka 1502, alianza kuchanganya vyombo vya kawaida vya Kijapani na vile vya kifahari. Takeno Joo aliendeleza. Wa tatu, Sen no Rikyu, mzaliwa wa mji wa bandari wa Sakai mwaka 1522, ndiye aliyeipa chanoyu sura tunayoijua. Alimtumikia Oda Nobunaga, kisha Toyotomi Hideyoshi, watawala wawili waliokuwa wanaiunganisha Japani kwa upanga. Usidhani chai ilikuwa pembeni ya siasa. Nobunaga alikusanya vyombo vya chai kutoka kwa matajiri na mahasimu wake, akawazawadia makamanda wake, na kikopo kidogo cha kauri cha kuwekea unga wa chai kiliweza kuthaminiwa kuliko ardhi.

Hideyoshi alijengewa chumba cha chai kilichofunikwa kwa dhahabu, cha kubomoa na kuhamisha, akakipeleka hadi kasri la mfalme mwaka 1586. Mwaka uliofuata aliitisha mkusanyiko mkubwa wa chai huko Kitano, Kyoto, akatangaza kwamba yeyote aje, awe mkulima au mchuuzi, na asiye na chai alete hata unga wa shayiri ya kukaanga. Na katika miaka hiyohiyo, huko Yamazaki kati ya Kyoto na Osaka, kuna chumba kiitwacho Tai-an, kinachoaminika kuwa kazi ya Rikyu mwenyewe, ambacho eneo lake la kukaa ni mikeka miwili tu ya tatami, kama mita 3.3 za mraba. Kuta ni za udongo na mabua. Mtawala wa nchi nzima aliingia kwenye nafasi kama hiyo, akapiga magoti, magoti yake yakakaribia kugusana na ya mwenyeji wake.

Mwaka 1591 Hideyoshi alimwamuru Rikyu ajiue. Wanahistoria hawakubaliani juu ya sababu. Inayotajwa zaidi ni sanamu ya Rikyu iliyowekwa ghorofani kwenye lango la hekalu la Daitokuji, kana kwamba kila anayepita chini, Hideyoshi akiwamo, anapita chini ya miguu yake. Baadaye ukoo ulirudishiwa heshima, na wana watatu wa mjukuu wake Sotan wakaanzisha nyumba tatu ambazo mpaka leo ndizo kubwa: Omotesenke, Urasenke na Mushakojisenke.

Kutoka bustanini hadi mlangoni

Mahali penye bustani ya chai, hafla huanza kabla hujaingia ndani. Njia imemwagiwa maji muda mfupi kabla hujafika, na mawe yaliyolowa ni ishara kwamba mwenyeji yuko tayari. Utakuta mahali fulani jiwe la ukubwa wa ngumi lililofungwa kamba nyeusi, limekaa juu ya jiwe la kukanyagia. Hakuna ubao wa maandishi wala mtu wa kukuzuia. Jiwe hilo lasema njia hii imefungwa, pita ile nyingine. Wengi wa mara ya kwanza hulipita wakidhani ni pambo.

Kisha kuna beseni la jiwe lililowekwa chini makusudi, ili kila mtu achuchumae. Unachota maji kwa kata, unaosha mkono wa kushoto, wa kulia, unasukutua kidogo, halafu unaisimamisha kata ili maji yaliyobaki yateremke na kuusafisha mpini. Hilo la mwisho ni la mgeni anayekuja nyuma yako.

Mlango wenyewe, nijiriguchi, ni mraba mdogo wa kimo cha sentimita 66 hivi. Huingii umesimama. Unachuchumaa, unaingiza kichwa, unaegemeza ngumi mbili kwenye mkeka na kujivuta kwa magoti. Samurai alilazimika kuacha upanga nje, kwani na upanga kiunoni hapapitiki. Ukishakuwa ndani unageuka, unaokota viatu vyako na kuvisimamisha ukutani, nyayo kwa nyayo, ili mwenzako apate pa kuweka vyake.

Tazama sasa kazi ya mgeni wa mwisho. Yeye akishaingia huufunga mlango, na huufunga kwa sauti kidogo, si kwa kuubamiza, ila isikike. Mwenyeji yuko upande wa pili wa ukuta, haoni. Sauti hiyo ndiyo inayomwambia kwamba wote wameingia na anaweza kuanza. Hakuna aliyeita, hakuna aliyejibu, na kazi imeendelea.

Kwa hiyo kiti cha mwisho si cha mtu wa kujificha, ingawa mgeni mwenye haya hukikimbilia. Mgeni wa kwanza, shokyaku, huzungumza na mwenyeji kwa niaba ya wote. Mgeni wa mwisho hukusanya na kurudisha vyombo na kufunga mlango. Wote wawili wanatakiwa wajue wanachofanya. Nafasi ya anayejifunza ni katikati, ambako ana mtu mbele wa kumfuatisha na mtu nyuma wa kumsaidia. Ukiambiwa kwa ukarimu ukae mbele, shukuru na uombe katikati. Watakuelewa.

Kabla ya kukaa utapita kwenye shubaka, tokonoma, uiname na kutazama karatasi ndefu iliyotundikwa, aghalabu maneno ya Zen yaliyoandikwa kwa brashi na mtawa. Hapo ndipo mwenyeji ametangaza dhamira ya siku. Huna haja ya kujua kusoma. Utamsikia mgeni wa kwanza akiuliza, na jibu ni la wote. Ua lililo hapo huwa moja au machache, ya msimu, yamewekwa kana kwamba yameota hapohapo.

Kwa nini anafuta kilicho safi

Mwenyeji akiingia na vyombo, utaona jambo linaloweza kukuchosha usipojua lilivyo. Anakunja kitambaa cha hariri kwa utaratibu mrefu, anafuta kopo la chai ambalo halina vumbi, anafuta kijiko cha mwanzi ambacho ni safi, anamimina maji moto kwenye bakuli, anasuuza mchapo, yaani kifaa cha mwanzi cha kuchapia chai, anamwaga, anapangusa bakuli kwa kitambaa cheupe. Vyote hivyo vilishaoshwa jikoni. Anavisafisha mbele yako ili uone kwamba vimesafishwa kwa ajili yako, na wakati mikono yake inatulia kwenye kazi hiyo, chumba kizima kinatulia nacho. Hapa watu hawazungumzi. Sikiliza birika. Mengi yana vipande vidogo vya chuma vilivyobandikwa chini kwa ndani ili maji yakianza kuchemka yatoe mvumo, na wapenzi wa chai wanaufananisha na upepo kwenye misonobari.

Mahali pa moto penyewe panaeleza mengi. Kuanzia Novemba hadi Aprili makaa yako kwenye meko iliyochimbwa sakafuni, karibu na wageni, ili wapate joto. Mei hadi Oktoba meko inafunikwa, na birika linapandishwa kwenye seredani iliyosogezwa mbali nao. Bakuli nazo hubadilika. Wakati wa baridi ni zenye kina, zinashika joto. Kiangazi ni pana na fupi, chai ipoe upesi. Wanaosoma vitabu huita mambo hayo falsafa. Kwangu huo ni uangalizi wa mtu anayejua kwamba mgeni wake anahisi baridi.

Bakuli mikononi

Sasa limefika. Mwenyeji amelielekeza upande wake mzuri, yaani uso wa bakuli, kwako. Unaliweka kati yako na mgeni anayefuata na kumwambia "Osaki ni", yaani samahani, nakutangulia. Kisha unaliweka mbele ya magoti yako, unainama na kumwambia mwenyeji "Otemae chodai itashimasu", kwamba unaipokea chai aliyoitengeneza. Ukisahau maneno, inama tu. Kuinama kunatosha.

Unalipandisha kwenye kiganja cha kushoto, mkono wa kulia unalishika ubavuni, unaliinua kidogo kwa shukrani, halafu unaligeuza mara mbili kuelekea kulia. Ulipewa uso wa bakuli, na hutaki kuweka mdomo juu ya uso huo. Mwenyeji amekupa kilicho bora, nawe unakiheshimu kwa kukiepusha. Hiyo ndiyo maana yote ya kugeuza, na aliyeielewa hahitaji kuhesabu nyuzi za mzunguko.

Unakunywa kwa mafunda machache, na funda la mwisho unalivuta kwa sauti. Wageni wa nchi nyingine huliogopa hili kwa kuwa walilelewa kunywa kimyakimya, lakini sauti hiyo ina kazi kama ile ya mlango: mwenyeji anajua umemaliza. Unafuta mahali ulipoweka mdomo kwa vidole, vidole unavifuta kwenye karatasi yako, unaligeuza bakuli lirudi lilivyokuwa.

Bado hujamaliza. Weka bakuli mbele yako, weka mikono mkekani, litazame lote. Kisha liinue, viwiko vikiwa vimeegemea magoti, ulitazame ndani, ubavuni, kwenye kitako. Kwa nini chini namna hiyo? Kwa sababu likiponyoka litaanguka sentimita chache tu, tena kwenye mkeka. Pete, saa na bangili zinavuliwa kwa sababu hiyohiyo, udongo hukwaruzika. Bakuli za Raku, zilizoanza na Chojiro kwa ushirikiano na Rikyu, hufinyangwa kwa mikono bila gurudumu na huchomwa kwa moto usio mkali kama wa kauri nyingine, kwa hiyo ni laini na huvunjika upesi. Ukoo huo wa wafinyanzi bado unafanya kazi Kyoto. Unaweza kupewa kitu kilichoshikwa na vizazi kabla yako, na hutaambiwa mpaka umemaliza kunywa.

Hata kijiko cha mwanzi hutazamwa hivyo. Mfano ulio wazi kuliko yote uko Nagoya, kwenye Jumba la Makumbusho la Tokugawa: kijiko alichokichonga Rikyu kwa ajili ya hafla yake ya mwisho mwaka 1591, akampa mwanafunzi wake Furuta Oribe. Kinaitwa Namida, machozi. Oribe alikitengenezea ala yenye dirisha lililotobolewa, akawa anakiheshimu kama kibao cha kumbukumbu ya marehemu. Ni kipande cha mwanzi kilichopindwa ncha. Vijiko vingi vya chai vina majina, na mgeni wa kwanza akiuliza jina na aliyekichonga, anafungua mlango wa habari ambayo isingetajwa kama hakuna aliyeuliza.

Maswali hayo ndiyo sehemu ya mgeni iliyo nzito kuliko zote. Mwenyeji anaweza kuwa amechagua kitamu chenye umbo la jani la momiji, mti wa maple wa Kijapani, kwa sababu ni Novemba, mwezi ambao mtungi wa chai iliyochumwa Mei hufunguliwa na watu wa chai wanauhesabu kama mwaka wao mpya. Anaweza kuwa amechagua bakuli kwa sababu mmoja wenu amepata mtoto. Hatasema. Anangoja muone. Mgeni asiyeuliza anaacha nusu ya maandalizi yabaki kimya, na mwenyeji alikuwa na wiki nzima akiyafikiria. Unapokuwa mgeni wa katikati huulizi sana, ila unaweza kusikiliza na kutazama kwa bidii, na huo pia ni mchango.

Ii Naosuke, mtawala wa Hikone aliyeuawa nje ya ngome ya Edo, Tokyo ya leo, mwaka 1860, alikuwa mtu wa chai wa dhati kabla historia haijamkumbuka kwa mikataba na mataifa ya kigeni. Aliandika kwamba hata mwenyeji yuleyule na wageni walewale wakikutana mara nyingi, mkutano wa leo haurudi tena maishani, kwa hiyo kila upande usiutende kwa uzembe. Aliwataja wote wawili, mwenyeji na mgeni.

Usipoona ulichokisoma

Utaingia na kukuta mambo tofauti na haya, kwa kuwa mikondo inatofautiana. Urasenke huchapa chai mpaka povu lifunike bakuli zima, Omotesenke huacha sehemu ya juu bila povu. Mtu wa Urasenke huingia chumbani kwa mguu wa kulia, wa Omotesenke kwa wa kushoto, na wa Mushakojisenke kwa mguu ulio upande wa nguzo ya mlango. Hakuna aliyekosea. Fuata nyumba uliyomo.

Cha kubeba ni kidogo: soksi safi nyeupe za kuvaa mlangoni, kifurushi cha karatasi za kukunja za kuwekea kitamu, na kijiti cha kukatia, ingawa penye wageni wapya hivyo hugawiwa. Usijipulizie manukato, maana yanafunika harufu ya chai na ya uvumba uliowekwa kwenye makaa. Sketi fupi na suruali ya kubana vitakutesa ukipiga magoti. Picha, omba ruhusa kwanza, na usishangae ukikataliwa wakati chai inatengenezwa.

Kuhusu kukaa. Aliyezoea kukaa tahiyatu ana msingi mzuri, kwani seiza ni magoti chini na makalio juu ya visigino, ila huku unakaa muda mrefu zaidi na nyayo zote zimelazwa nyuma. Miguu ikifa ganzi, hamisha uzito polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na ukishindwa omba radhi ukae upande. Usisimame ghafla miguu ikiwa imekufa, wengi huanguka juu ya vyombo hapo. Mwenye goti bovu, mjamzito au mzee hana sababu ya kujitesa. Mwaka 1872 Gengensai, kiongozi wa 11 wa Urasenke, alibuni ryurei, utaratibu wa kutengeneza chai mezani wageni wakiwa vitini, kwa ajili ya maonyesho ya Kyoto yaliyotarajiwa kupokea watu wa mataifa mengine. Ni chanoyu kamili, na siku hizi wenyeji wengi huitumia hata kwa Wajapani wenyewe. Lakini mwambie mwenyeji mapema, unapojibu mwaliko, kwa sababu chumba, vyombo na mahali pa kila mgeni vinapangwa kabla ya siku yenyewe.